Mzee Kedi Anaongea Lafudhi Gani?

Swali nililiuliza ndani ya matatu, tukiwa tumeshapita Burnt Forest, spika moja kubwa ikiwa magotini pangu na gunia la mavazi likinisukuma shingo.

"Huku mnawapa lafudhi gani?"

Rafiki yangu ni mwigizaji wa setibuku. Tulianza chuo pamoja. Mimi niliacha mwaka wa pili, yeye akamaliza, na sasa sote wawili hatuna kazi ya mshahara. Kama ulisoma sekondari Kenya hii, unawajua watu wa aina yake. Wanakuja wanane kwenye gari la kukodi. Asubuhi wanaigiza kitabu cha Kiingereza, mchana cha Kiswahili, wanakula wali na maharagwe ya shule, wanauza miongozo mlangoni, kisha wanaenda kulala mji mwingine. Siku hiyo ya Juni 2025 walikuwa wanapeleka Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kwenye shule niliyosomea, Timboroa, na walikuwa wameigeuza riwaya nzima kuwa mchezo wa kuimba. Nilidandia.

"Lafudhi gani kwa nani?" akauliza.

"Kwa Wakule. Kwa Waketwa."

Akacheka. "Buda, tukija huku kila mtu anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Mtemi, mlevi, mtoto, wote. Tukifika mbali ndio tunarudisha lafudhi, watu wacheke."

Lilikuwa jibu la mfanyabiashara, na lilikuwa jibu la busara. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la aina hiyo miaka sita mapema na sikuwa nimelijibu, kwa hivyo halikuniacha.

Wakule na Waketwa hawako kwenye orodha yoyote ya sensa. Momanyi aliwabuni, pamoja na nchi yao ya Matuo na mtawala wao Mtemi Lesulia, ili aweze kuandika kuhusu watu wanaofukuzwa mahali wanapoishi kwa sababu ya ukoo wao bila kumtaja yeyote kati yetu. Nyumba za mtaa wa Matango zinaungua, na msomaji wa Kisumu, wa Kiambu na wa Kapsabet kila mmoja anaweza kuwaza kwamba waliochoma ni wale wengine. Kitabu kinaruhusu hilo, maana ukurasa hauna lafudhi. Jukwaa halina bahati hiyo. Mtu akifungua mdomo Kenya, kabla hajamaliza sentensi tumeshajua mamake alimpikia nini.

* * *

Timboroa iko juu, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Reli ilipopandishwa hapa miaka ya 1920 ikielekea Eldoret, kituo chetu kikawa miongoni mwa vilivyo juu kabisa katika himaya yote ya Mwingereza, na hadi leo wazee hujivunia hilo kana kwamba walikibeba wenyewe. Ukungu unashuka saa tisa. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret inapita katikati, na kando yake tunauza viazi, kabichi na karoti kwa watu wanaokwenda sehemu nyingine. Wasafiri hununua bila kuzima injini.

Kitu kingine ambacho wasafiri wanakijua kuhusu ukanda wetu ni Januari 2008. Sina haja ya kurudia yote. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini na mamia ya maelfu ya watu waliohama makwao. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilitoka Bonde la Ufa, na kipande chake kilitoka barabara hii.

Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka majivu juu ya kabichi, na mama akiyapangusa jani kwa jani kabla ya kupika. Sitasema ni nyumba ya nani iliyoungua, yetu au ya jirani. Ukijua hilo utajua jina letu la tatu, na ukijua jina letu la tatu utaanza kunisoma kwa jicho lingine.

Baba hakuwahi kulizungumzia. Kuna mzee ambaye shamba lake limepakana na letu; Baba na yeye wamesalimiana kwa mkono karibu kila siku ya maisha yangu. Sijawahi kuwaona wakikaa chini pamoja.

* * *

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha nne, na riwaya iliyotahiniwa ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Ilitoka 2014, ikatahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022. Kwa hivyo fikiria: kwa miaka mitano, kila mtoto wa Kenya aliyefanya mtihani wa kidato cha nne alilazimika kusoma kuhusu daktari aitwaye Ridhaa, anayesimama juu ya majivu ya nyumba yake, akijua kwamba jirani yake Mzee Kedi alihusika. Halafu kikaja Nguu za Jadi, na moto mwingine. Sijui kama wanaochagua vitabu walikusudia, lakini kizazi chetu kilipewa moto uleule mara mbili, na maswali ya kujibu kwa alama ishirini.

Darasani tulikisoma vizuri. Tulichambua maudhui, mbinu rejeshi, jazanda. Mwalimu wetu alikuwa hodari, na hodari alivyokuwa hakuuliza hata mara moja kama kuna mtu darasani anayeyajua majivu.

Kisha kundi la waigizaji likaja. Ukumbi ulikuwa ule wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani. Asubuhi tulicheka Nora wa Ibsen akipiga kelele za Kinorwei kwa Kiingereza cha Nairobi. Mchana likaja Chozi. Walikuwa wameweka nyimbo kila mahali, mapigo ya gengetone kwa vijana wa mtaani, taarabu ya kuchekesha kwa wakubwa, na sisi tulikuwa tunaruka juu ya viti. Halafu akaingia Mzee Kedi.

Mwigizaji alimpa lafudhi. Sitasema ya wapi. Nusu ya ukumbi ilicheka. Nusu haikucheka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya kulala mabweni pamoja na kugawana mkate, kila mtu alijua hasa nani hakucheka.

Ilidumu labda sekunde tano. Niliona shingo zikigeuka. Kilichotuokoa ni kwamba onyesho lilikuwa la kuimba, na wimbo uliofuata ulikuwa wa maombolezo. Walikuwa wameuchukua utenzi wa kanisani, ule unaoimbwa kwenye matanga ya makabila yote, wakaubadilisha maneno. Mtu mmoja akaitikia kutoka nyuma, kisha wawili, kisha nusu zote mbili. Huwezi kusikia lafudhi ya mtu kwenye kwaya ya watu mia nne. Nadhani tuliimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa sababu hiyo.

Baba alikuwa soja wa geti wa shule hiyo. Ndiyo, nilisoma shule ambako baba yangu alinifungulia geti kila asubuhi, na vijana wakasema walichosema. Siku hiyo aliliacha geti akaja kusimama mlangoni mwa ukumbi, rungu kwapani, akaangalia mpaka mwisho.

Usiku, tukila, akaniuliza: "Yule mzee jirani, aliishia vipi kitabuni?"

Nikamjibu kama nilivyofunzwa. "Kedi anawakilisha usaliti, Baba. Na ukabila."

"Sikuulizi anawakilisha nini. Nauliza kama walisalimiana tena na daktari."

Nilikuwa nimekisoma kitabu mara nne. Nilikuwa na daftari zima la dondoo. Na sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimekisoma nikitafuta alama, na hakuna karatasi iliyowahi kuuliza hilo. Baba akaendelea kula. Hakuuliza tena.

* * *

Chuoni, kabla ada haijanishinda, nilitumia muda mwingi maktaba nikisoma vitu ambavyo havikuwa kwenye kozi yangu. Niligundua kwamba serikali zetu zimelijua kwa muda mrefu kile ambacho mimi nilikigundua kwenye ukumbi wa maharagwe: kwamba hadithi ikitoka ukurasani na kuimbwa mbele ya watu inakuwa kitu kingine kabisa.

Chukua mwaka mmoja tu, 1977. Mwezi wa Julai, Ngũgĩ wa Thiong'o alizindua Petals of Blood, riwaya ya Kiingereza inayowashambulia waziwazi walioila Kenya baada ya uhuru. Aliyeongoza uzinduzi huo Nairobi alikuwa waziri wa fedha wa serikali hiyohiyo, Mwai Kibaki. Hakuna aliyekamatwa.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo, kijijini Kamĩrĩthũ, Limuru, ulifunguliwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao Ngũgĩ aliuandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu. Waigizaji walikuwa wanakijiji: vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, akina mama wasiojua kusoma. Ukumbi wa wazi waliujenga wenyewe. Walipoona maneno ya mchezo si yale ambayo mzee angeyasema, waliwasahihisha waandishi, na waandishi wakafuta. Nyimbo na ngoma zilikuwa nusu ya mchezo. Hadithi yenyewe ni ya Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu na hati ya shamba aliyoitundika ukutani, na jinsi tajiri anavyoipata hati hiyo. Watu walikodi magari kwenda kuuona.

Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa. Usiku wa kuamkia 31 Desemba, Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake na kupelekwa kizuizini Kamiti kwa mwaka mmoja, bila kesi.

Weka hayo mawili kando kwa kando. Riwaya ya Kiingereza: waziri. Wimbo wa Kikuyu: Kamiti. Na kuna la tatu linalonichekesha kila nikilifikiria: mwaka 1980 Ngaahika Ndeenda ikachapishwa kama kitabu, ikauzwa madukani. Unaweza kuinunua, unaweza kuisoma kitandani. Kuiigiza ndiko kulikokatazwa.

Huko Kamiti Ngũgĩ aliandika riwaya nyingine, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za chooni. Mwenye kuisimulia ni mpiga gĩcaandĩ, kwa hivyo muziki umo tangu mwanzo. Ilipotoka 1980 watu hawakuisoma kimya. Ngũgĩ amesimulia jinsi ilivyosomwa kwa sauti nyumbani jioni, kwenye matatu, na kwenye baa, ambako msomaji hodari alikuwa akifika mahali patamu, anaona glasi yake imekauka, ananyamaza. Wasikilizaji wanajaza glasi, hadithi inaendelea. Hakuna aliyewaambia ni maigizo. Waliitoa riwaya kwenye karatasi kwa sababu wengi wao hawakuwa watu wa karatasi.

Kisha 1982, kundi la Kamĩrĩthũ likaandaa Maitũ Njugĩra, na huo ulikuwa mchezo wa muziki hasa, kuhusu vibarua wa enzi ya ukoloni. Februari walikwenda Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo, Nairobi, wakakuta milango imefungwa. Wakahamia chuo kikuu kwa mazoezi, maelfu wakaja kutazama mazoezi tu, na hayo nayo yakasimamishwa. Mwezi Machi askari walikwenda Kamĩrĩthũ wakaubomoa ukumbi uliojengwa na wanakijiji. Ngũgĩ wa Thiong'o akaishia uhamishoni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ akakimbilia Zimbabwe, na huko ndiko alikofia mwaka 2008.

Mei 2022 mchezo ulirudi, katika Ukumbi uleule wa Kitaifa, kwa Kiingereza siku nyingine na kwa Kikuyu siku nyingine, ukiongozwa na Stuart Nash. Nilikwenda, kiti cha nyuma kabisa, mwezi mmoja kabla ya kuacha chuo. Ulikuwa mzuri. Watu walivaa vizuri, walipiga picha. Nilipotoka niliona walinzi wawili wamesimama mlangoni wakiangalia kwa ndani, kama Baba, nikafikiria kwamba wao ndio Kamĩrĩthũ iliyobaki usiku ule, na hawakuwa na tiketi.

Usifikiri kufungiwa kuliisha na miaka ya themanini. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa wasichana wa Butere, ulioandikwa na Cleophas Malala kuhusu mgawanyo wa mali ya nchi na nani anapata nini, ulizuiwa kwenda tamasha la kitaifa hadi mahakama ilipoingilia. Aprili 2025 ikawa zamu ya Echoes of War, shule ileile, mwandishi yuleyule. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Malala akakamatwa hata hivyo, nje ya ukumbi kule Nakuru vitoa machozi vikarushwa, na wasichana walipopandishwa jukwaani walikataa kuigiza bila mwongozaji wao. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka.

Nakuru ni chini tu ya mlima wetu. Viazi vyetu huteremka huko.

* * *

Kwa hivyo Juni, wiki chache baada ya Butere na siku chache baada ya Ngũgĩ kufariki Marekani tarehe 28 Mei, nilisimama tena kwenye ukumbi wa maharagwe nikishika waya wa spika. Rafiki yangu aliniambia tangu Aprili shule mbili zimetaka kusoma maandishi yao kwanza. "Na hicho ni kitabu cha serikali," akasema. "Serikali ndiyo imekichagua."

Niseme ukweli: ulikuwa mchezo mzuri. Wimbo wa kumsifu Mtemi Lesulia waliupa mapigo ya chakacha, na ukumbi mzima ukashika kiitikio, wavulana mia tano wakipiga makofi, wakitikisa mabega, hadi maneno yalipozidi kuwa ya ajabu na makofi yakaanza kupungua mmoja mmoja, watu wakitambua wamekuwa wakimsifu nani. Kitabu hakiwezi kukufanyia hivyo. Kitabu kinakuambia wananchi walimshangilia dhalimu. Wimbo unakufanya umshangilie.

Matango ikaungua kwa shuka jekundu lililotikiswa na watu wawili. Mangwasha akakimbia na watoto wake. Na kweli, wote waliongea kama wasomaji wa taarifa ya habari. Hakuna aliyecheka mahali pabaya. Hakuna shingo iliyogeuka. Nilishukuru, kisha nikajishika nikiwa nimekasirika kidogo. Kamĩrĩthũ walifungwa kwa kuongea kama wanavyoongea nyumbani. Sisi, ili tusichomane, tumejifunza kuongea kama redio. Sijui lililo bora. Najua tu kwamba sekunde zile tano za 2019 ndizo pekee nilizowahi kusikia shule yetu ikisema ukweli kuhusu mahali ilipo, na ukweli huo ulisemwa kwa kicheko na kwa ukimya.

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni. Ana mvi sasa. Rungu ni lilelile.

Matatu ikaondoka bila mimi. Jioni, tukiota moto jikoni, niliingia chumba cha nyuma nikatafuta kwenye gunia la vitabu. Panya walikuwa wamekula jalada la Chozi, lakini kurasa zilikuwapo, zimejaa kalamu yangu nyekundu: jazanda, taharuki, kinaya.

"Baba, uliwahi kuniuliza kitu kuhusu kitabu hiki. Sikukujibu."

Akaniangalia kwa muda. "Basi soma," akasema. "Mimi miwani yangu si ya karatasi."

Nilianza pale mwanzo, Ridhaa na majivu yake. Nilikuwa nimezoea kukimbilia dondoo, sasa ilibidi nisome kila neno, na mara mbili aliniambia, "Polepole." Kuku walitulia, mama akaacha kuosha sufuria. Jina la Kedi lilipokaribia nilihisi ulimi wangu ukitaka kuchagua. Nikalisoma kwa sauti ninayomwombea Baba chumvi.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Bado niko Timboroa. Tunasoma kurasa kumi kila usiku, na swali la Baba bado hatujalifikia, na hataki nifunue mbele nimwambie. Juzi yule mzee wa mpakani alipita kuulizia ng'ombe wake aliyekata kamba. Alitukuta katikati ya sura. Baba akamsukumia stuli kwa mguu, bila kusema kitu.

Mzee akasema hakai, ana haraka. Akaegemea mlango, kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho wa sura.